Kumpiga Mke: Hukumu ya Dini, Sheria ya Nchi na Kazi ya Polisi

Somo kwa ndugu zetu wa pwani, khasa walioko Mbinga na ukingoni mwa Ziwa Nyasa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baada:

Ndugu msomaji, somo hili ni la jambo ambalo watu wetu wengi walijua kwa vitendo wala hawalijui kwa hukumu, nalo ni mtu kumpiga mkewe. Wako wadhanio kuwa dini imewapa ruhusa isiyo na mpaka. Na wako wadhanio kuwa serikali haina njia ya kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Dhana zote mbili ni batili, nasi tutazibainisha moja moja, inshallah.

FASLU YA KWANZA: SABABU YA KUITAJA MBINGA NA ZIWA NYASA

Mbinga, katika mkoa wa Ruvuma, ni nchi ya milima ya Wamatengo, wakulima wa kahawa na wa mashamba ya ngolo. Kutoka mji wa Mbinga hata Mbamba Bay, ukingoni mwa ziwa, ni mwendo wa kilomita 66 kiasi. Nchi ile ya ziwani, yenye Lituhi na Liuli na Mbamba Bay, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga hata mwaka 2012, ilipofanywa wilaya mbali ikaitwa Nyasa. Wenyeji wa pande hizo wengi wao ni Wakristo. Waislamu wako, illa ni wachache kuliko walivyo Tunduru. Na baina yao wamo watu wa kwetu waliokwenda kwa biashara ya duka, ya nguo, ya kahawa au ya dagaa. Wengine wameoa huko huko, na wengine wamewachukua wake zao kutoka Kilwa, Lindi au Tanga.

Basi itazame hali ya mwanamke huyu aliyechukuliwa mbali. Alipokuwa kwao, akionewa, alikuwa na baba, na kaka, na mjomba, na shangazi, na shekhe wa mtaa. Mume akitaka kuinua mkono hukumbuka kuwa kesho atakutana na shemeji yake msikitini. Lakini Mbamba Bay hana hata mmoja katika hao. Akilia usiku, wanaomsikia ni jirani wasiojua ukoo wake. Ukuta aliokuwa akiuegemea umebaki pwani, na mume aliyepewa amana hiyo ndiye aliyemgeukia. Mtu wa namna hii ndiye mwenye haja zaidi ya sheria na ya kituo cha polisi, kwani hana kimbilio jingine.

Na mwanamke wa huko aliyeolewa na mgeni, yeye ana jamaa zake karibu, lakini hawaijui dini yetu. Mume akimpiga kisha akawaambia, "Dini yangu yaniruhusu," wao husadiki, kwa kuwa Uislamu wanaujua kwa yale wayaonayo kwetu tu. Mtu huyu amefanya makosa mawili: amedhulumu nafsi ya mkewe, na amezulia dini uwongo mbele ya watu wasio na njia ya kuujua ukweli.

Tena iko sababu ya mali. Katika nchi ya kahawa, mara nyingi mke hulima na kupalilia na kuchuma pamoja na mumewe, na fedha zikija hupokewa na mume. Mke akiuliza zimekwenda wapi, kuna waume wajibuo kwa mkono. Ziwani kadhalika, katika fedha za samaki na dagaa, na ulevi ukiingia shari huzidi.

Wala msidhani kuwa jambo hili ni la watu wachache. Katika uchunguzi mkuu wa afya ya watu uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, wanawake 40 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walisema wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Ulipofanywa tena mwaka 2022, hesabu ilishuka hata 27 katika 100. Tunamshukuru Mungu kwa kushuka huko, lakini 27 katika 100 ni zaidi ya robo. Na la ajabu ni hili: katika uchunguzi ule wa kwanza, wanawake 58 katika 100 walikubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu moja au nyingine, na wanaume waliokubali walikuwa 40. Aliyezoea dhulma huiona kuwa ndiyo ada. Kwa hivyo kunyamaza kwa mke si dalili ya kuwa ameridhika, wala kuridhika kwake hakuifanyi dhulma kuwa haki.

FASLU YA PILI: HUKUMU YA DINI

Mwenyiezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Annisaa, aya ya 19, waume wakae na wake zao kwa wema. Na katika Sura ya Albaqara, aya ya 229 na 231, amewapa njia mbili tu: kumweka mke kwa wema au kumwacha kwa ihsani, na akakataza kumzuia kwa ajili ya kumdhuru. Hapana njia ya tatu ya kumweka na kumtesa.

Ama aya ya 34 ya Annisaa, ambayo watu huishika bila ya kuisoma yote, maulamaa wameifunga kwa masharti mengi. Ni katika khabari ya mke aliyeasi haki ya ndoa, si katika chakula kilichochelewa wala katika suali la fedha. Yatangulia mawaidha, kisha kutengana malazi. Na kilichotajwa mwisho wamekifasiri kuwa kisiumize, kisiache alama, wala kisifike usoni. Na mume akiumiza, lazima juu yake dhamana ya alichoumiza. Imam Shafii, ambaye sisi watu wa pwani ni wafuasi wake, amesema kuwa kuacha kupiga ndiko bora. Na Ataa bin Abi Rabah, aliyekuwa mufti wa Makka katika zama za matabiina, alisema kuwa mume hampigi mkewe, bali humkasirikia tu. Sasa, ewe ndugu yangu, pima mwenyewe: ngumi, fimbo, mkanda, meno yaliyong'oka na mkono uliovunjika, vyaingia wapi katika masharti haya? Haviingii popote. Hivyo ni jinai kwa ijmai.

Naye Mtume wetu (s.a.w.), ambaye ndiye kiigizo, Bibi Aisha ameeleza kuwa hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Na walipokuja wanawake wengi nyumbani kwake kuwashitaki waume wao, aliwatangazia watu kuwa waume hao si wale walio bora.

Kisha izingatie khabari ya Habiba binti Sahl, kwani ndiyo asili ya somo hili. Mumewe, Thabit bin Qais, alikuwa sahaba mwenye cheo, khatibu wa Maansari. Imepokewa kwa Abu Daud kuwa alimpiga hata akamvunja. Bibi huyu alikwenda mlangoni kwa Mtume alfajiri, kiza hakijaondoka. Mtume hakumwambia, "Rudi nyumbani ukasubiri." Hakumwambia kuwa anafichua siri za nyumba. Wala hakutazama cheo cha mume. Alimwita mume, akamwamrisha apokee mahari aliyoyatoa na amwachilie. Na mambo yakakatika siku ile. Basi mwenye kusema kuwa mwanamke aliyepigwa kwenda kwa mwenye amri ni utovu wa adabu, na ajue kuwa jambo hilo lilitendwa katika mji wa Mtume, na Mtume akalikubali. Na mwenye kutaka zaidi na aisome Sura ya Almujadila, aone kuwa malalamiko ya mwanamke juu ya mumewe yalisikiwa na Mola mwenyewe.

FASLU YA TATU: SHERIA YA NCHI

Tanzania Bara iko Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971. Kifungu chake cha 66 chatangaza kuwa mtu hana haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga, ijapokuwa mila yasema kinyume. Angalia kuwa kifungu hakikutaja mume peke yake. Mke naye hana haki ya kumpiga mume.

Na kama utasema, "Dini imeruhusu kidogo, na sheria imekataza chote, nifuate ipi?" Jawabu ni nyepesi. Hapana mwanachuoni aliyesema kuwa kupiga ni wajibu, wala kuwa mwenye kuacha apata dhambi. Ni jambo la mubaha lenye kuchukiza, na mwenye amri aweza kulizuia jambo la mubaha likiwa latumiwa kwa madhara. Sheikh Muhammad Tahir bin Ashur wa Tunis, aliyefariki mwaka 1973, amesema hivyo hivyo katika tafsiri yake: kwamba watawala wakiona kuwa waume hawashiki mipaka, waweza kuwazuia na kumwadhibu mwenye kupiga. Basi mwenye kulitii katazo hili hakupungukiwa na kitu katika dini yake.

Kifungu cha 66 hakikutaja adhabu, lakini adhabu imo katika Kanuni ya Adhabu, ambayo haikumtoa mume. Kifungu cha 241 chasema kuwa mwenye kumshambulia mtu akamdhuru mwili aweza kufungwa miaka 5. Kifungu cha 225 chasema kuwa mwenye kumtia mtu madhara makubwa bila ya haki aweza kufungwa miaka 7. Na akifa yule aliyepigwa, mashitaka huwa ya kuua. Mume hapati msamaha kwa sababu aliyeumizwa ni mkewe.

Tena Sheria ya Ndoa, katika kifungu cha 107, yahesabu ukatili wa mwili au wa moyo kuwa ni ushahidi wa ndoa iliyovunjika. Kabla ya kufika mahakamani kwa talaka, kifungu cha 101 chataka mashauri yapite kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Na kwa Waislamu, BAKWATA hufanya kazi hiyo. Jambo hili lawafiki aya ya 35 ya Annisaa, iliyoamrisha waamuzi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Kwa watoto, kifungu cha 125 chatanguliza maslaha ya mtoto mwenyewe, na mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa bora akae na mamake mpaka lidhihiri jingine. Na kwa mali, Mahakama ya Rufani ilihukumu mwaka 1983 kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Basi mke wa mkulima wa kahawa asitishwe kwa neno hili, "Ukitoka, utatoka mikono mitupu."

Majirani zetu wamezikusanya hukumu za namna hii katika sheria moja: Uganda mwaka 2010, na Kenya mwaka 2015. Tanzania Bara zimetawanyika katika sheria mbalimbali, na kwa hivyo yapasa kuzijua. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Unguja na Pemba, ambako ndoa za Waislamu huamuliwa na makadhi. Lakini huko nako, kama ilivyo Mombasa na Lamu, kesi ya kumjeruhi mtu si ya kadhi. Ni ya polisi na ya mahakama ya jinai.

FASLU YA NNE: KAZI YA POLISI, NA NJIA YA MWENYE KUDHULUMIWA

Mwaka 2007 askari wanawake wa Tanzania waliunda mtandao wao, na katika miaka iliyofuata yakaanzishwa katika vituo vya polisi Madawati ya Jinsia na Watoto. Leo madawati hayo yamepita 400 katika nchi. Maana yake ni kuwa mwanamke hasimami mbele ya kaunta ya watu wote kueleza aibu yake, bali hupelekwa mahali pa faragha, akasikilizwa na askari aliyefundishwa kazi hiyo.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza, aende kituoni mapema, kabla alama hazijapoa. Pili, aeleze yaliyotokea, yaandikwe, na asomewe kabla ya kutia sahihi. Tatu, apewe fomu namba 3 ya polisi, ambayo watu huiita PF3, aende nayo hospitali au zahanati. Mganga amtazame, aandike alichokiona, na fomu irudi polisi. Fomu hii ni shahidi mkubwa, kwani jeraha hupona lakini maandishi hubaki. Lakini aliye katika khatari ya roho aanze kwa mganga, wala roho isingoje karatasi. Nne, nguo zenye damu zisifuliwe, na fimbo iliyotumika isitupwe. Tano, jirani walioona au kusikia waende kutoa ushahidi.

Vijiji vingi vya ukingoni mwa ziwa viko mbali na kituo. Huko, mtu aende kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, ambao wana wajibu wa kumfikisha polisi. Na tangu ulipoanza Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, mwaka 2017, iliagizwa ziwepo kamati hata katika vijiji na kata. Asiyekuwa na fedha ya wakili atafute msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017. Msaada wake haulipiwi. Na kwa mtoto anayeteswa, iko simu 116, wala haina malipo.

Ziko kasoro, nazo hazifichiki. Wako askari wamwambiao mwanamke, "Haya ni mambo ya nyumbani, rudini mkapatane." Sulhu ni jambo la kheri, na sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, katika kifungu cha 163, yaipa mahakama ruhusa ya kuhimiza mapatano katika kesi ndogo za namna hii. Lakini ruhusa hiyo yahusu makosa madogo yasiyozidi ukali, na aliyepewa ni mahakama. Aliyevunjwa mbavu asirudishwe nyumbani kwa neno la kaunta. Na akirudishwa, ana haki ya kumwendea mkuu wa kituo, kisha mkuu wa polisi wa wilaya.

Kasoro ya pili ni yetu sisi jamaa. Kesi ikifika mahakamani, wazee humwendea mke wakamwambia, "Utamfunga baba wa watoto wako?" Naye hukaa kimya, na kesi hufa. Sheria ya Ushahidi imeliona jambo hili: kwa desturi mke halazimishwi kumshuhudia mumewe, lakini kifungu cha 130 kimetoa humo kesi ya mume aliyemdhuru mkewe, au mmoja wa wakeze, au watoto wao. Katika kesi hiyo aweza kulazimishwa kusema. Basi wazee wamwitao akanyamaze wamtia katika mashaka mawili, ya nyumbani na ya mahakamani.

FASLU YA TANO: MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Je, si haramu kufichua siri za nyumba?
Jawabu: Siri iliyoharimishwa kufichuliwa ni ya faragha ya mume na mke. Dhulma si siri. Habiba aliifichua mbele ya Mtume, naye hakumkemea.

Suali: Je, yafaa kumshitaki Muislamu kwa askari asiyekuwa Muislamu?
Jawabu: Mwizi akivunja duka lako Mbinga, waenda kwa askari huyo huyo asubuhi, wala huulizi dini yake. Itakuwaje bati la duka liwe na heshima kuliko mbavu za mkeo?

Suali: Mke akikimbia nyumba kwa khofu ya kupigwa, haki yake ya matumizi huanguka?
Jawabu: Katika vitabu vya madhehebu yetu, mke anayetoka kwa kukhofia nafsi yake hahesabiwi kuwa muasi.

Suali: Jirani asikiaye kelele afanye nini?
Jawabu: Agonge mlango. Asiposikilizwa awaite watu, kisha apige simu 112 au ampe khabari mwenyekiti. Kumzuia mwenye kudhulumu ndiko kumsaidia, kwani huenda ukamwepusha na kuua.

Suali: Na mume ambaye hasira humshinda?
Jawabu: Atoke nje, atawadhe, asirudi mpaka moyo umetua. Akiona hawezi kukaa na mkewe kwa wema, Mungu amempa ruhusa ya kuachana kwa ihsani. Hakumpa ruhusa ya kuvunja mifupa.

KHATIMA

Ewe baba umwozae binti yako kwa mtu aendaye mbali, muulize kwanza tabia yake, kisha mwambie binti yako kilipo kituo cha polisi na kilipo msikiti, na mpe simu ya mtu mmoja wa kukimbilia. Usimwambie, "Mwanamke mwema hufia kwa mumewe." Ewe imamu na khatibu wa Mbinga au Mbamba Bay, litaje jambo hili juu ya mimbari, na mwanamke akikujia usimfungie mlango. Ewe mzee wa baraza la ndoa, usiite sulhu kile ambacho ni kumrejesha mtu kwa mwenye kumpiga bila ya sharti wala dhamana. Nawe mume, kumbuka kuwa mkeo ulimchukua kwa amana ya Mungu. Aliye mbali na jamaa zake, mtetezi wake ni Mola. Na dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia, awe Mbinga, awe pwani, awe wa dini yoyote.

Twamwomba Mwenyiezi Mungu azifanye nyumba zetu ziwe za utulivu na mapenzi na huruma, awalinde wanyonge wetu, na awape waamuzi wetu na askari wetu kusimama na haki. Amin.

Wabillahi ttawfiq.